Lastiki ya Kiuno cha Pampasi: Kushika Bila Kuchora Ngozi

Pampasi ya mtu mzima ikivujia mgongoni, lawama ya kwanza huangukia unga wa jeli ulioko ndani: eti ni mchache, haunywi. Kabla ya kuongeza unga, ipasue pampasi hiyo iliyovuja uitazame. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa bado kavu. Unga ulikuwepo, nafasi ilikuwepo, ila mkojo ulipata njia ya mkato kupitia kiunoni kabla haujanywewa.

Hapo ndipo kosa la pili huingia: mtengenezaji huweka mpira mnene zaidi. Mwezi unaofuata malalamiko hubadilika sura. Sasa haivuji, lakini mzee ana mistari myekundu kwenye mifupa ya nyonga, na usiku anaishusha kwa mkono kwa sababu inamuuma. Ikishuka, inavuja tena. Mzunguko huu hauvunjwi kwa kutafuta mpira ulio katikati ya mnene na mwembamba. Unavunjwa kwa kutenganisha mambo mawili ambayo karibu kila mtu huyachanganya: nguvu ya kushika na nguvu ya kuumiza.

Tuanze na kushika. Ukanda unaozunguka kiuno ukiwa na mvutano fulani, jumla ya nguvu unayoikandamiza ngozi pande zote ni mvutano huo mara 6.28, yaani mara pai mbili. Upana wa ukanda haumo kwenye hesabu hiyo. Kuumiza ni hesabu nyingine: mgandamizo juu ya ngozi ni mvutano ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha kiuno mara upana wa ukanda. Hapa upana umo, tena unagawanya.

Chukua mtu mwenye kiuno cha sm 90, nusu kipenyo sm 14.3. Pampasi yake ikilowa ina gramu 700, uzito wa karibu nyutoni 6.9. Tukichukua msuguano wa kitambaa na ngozi kuwa 0.4, mvutano unaotosha kuibeba ni 6.9 ÷ (0.4 × 6.28), yaani nyutoni 2.75. Hizo ni kama gramu 280 tu kwenye mzani. Anayesikia namba hiyo kwa mara ya kwanza huwa haamini, kwa kuwa mpira anaouzoea huvuta mara mbili au tatu ya hapo. Tena hatujahesabu msaada wa mapaja na wa nyonga zenyewe, na ni vizuri kutouhesabu, kwa sababu mtu aliyekonda kwa ugonjwa hana nyonga za kuzuia kitu.

Sasa upeleke mvutano wa nyutoni 3 kwenye ukanda wa sm 2. Mgandamizo unakuwa paskali 1,050 hivi, karibu milimita 8 za zebaki. Nyutoni zilezile 3 zikitandazwa kwenye sm 10 zinaleta paskali 210, chini ya milimita 2 za zebaki. Mzigo uliobebwa ni uleule, ngozi imepata nafuu mara tano.

Halafu mwili si duara. Juu ya mfupa wa nyonga nusu kipenyo kinaweza kushuka hadi sm 4, na mgandamizo hapo unapanda zaidi ya mara tatu ya ule uliouhesabu. Katikati ya mgongo, kwenye mfereji wa uti wa mgongo, ukanda unaruka kama daraja na hauigusi ngozi kabisa. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na michubuko ubavuni na uvujaji mgongoni kwa wakati mmoja, na kuongeza mpira kunazidisha la kwanza bila kutibu la pili. Mfereji wa mgongo unazibwa na kitambaa chenye mikunjo mingi midogo, laini, inayoweza kuingia ndani yake. Mikunjo hiyo huja kwa nyuzi nyembamba zilizo karibu karibu. Uzi mnene mmoja unaovuka mfereji umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo hauzibi kitu.

Nyuzi zinazotumika kwenye kazi hii ni za spandeksi, na unene wake huhesabiwa kwa desiteksi, yaani gramu za mita 10,000 za uzi. Madukani utakutana na 470, 620, 800, 940. Nyuzi 6 za 940 na nyuzi 12 za 470 zina mpira uleule kwa uzito, na mvutano wake unakaribiana. Tofauti iko kwenye ngozi: sita zinachora, kumi na mbili hazichori. Gharama ya kumi na mbili ni bobini nyingi, gundi nyingi, na sehemu nyingi zaidi za uzi kukatika mashine ikiwa kwenye mwendo. Kwa pampasi ya suruali ya mtu mzima, ile inayovaliwa kwa kupandishwa miguuni, mpangilio unaostahimili ni 620 kwa nafasi ya milimita 5 kwenye sehemu kubwa ya ukanda, kisha 470 kwenye nyuzi mbili za juu kabisa na zile zinazopita juu ya mfupa wa nyonga. Anayeweka uzi mnene kuliko wote ukingoni "ili kifunge vizuri" anatengeneza kiuno kitakachojikunja kuelekea nje mvaaji anapokaa. Juu ya uzi wa kwanza acha kitambaa huru cha milimita 10 hadi 15, kikiwa kimekunjwa mara mbili, ili ukingo wenyewe usiwe waya.

Baada ya unene huja uwiano wa kunyoosha, na hapa ndipo kiuno hufa au kupona. Tuseme saizi inayolengwa ni kiuno cha sm 70 hadi 110. Kitambaa kisichofumwa hakinyumbuki, kwa hiyo urefu wake kikiwa kimetandazwa ndio mwisho wa safari: kiuno hakitafunguka kupita hapo hata uvute kwa miguu. Pampasi lazima ipite nyonga za sm 115, basi kitambaa kiwe sm 120 kwa mzunguko mzima. Uzi ukiwekwa umenyooshwa mara 3.0, mvaaji wa sm 70 anaukuta ukiwa mara 1.75, wa sm 90 mara 2.25, wa sm 110 mara 2.75. Wote watatu wako kwenye eneo ambalo nguvu ya spandeksi haibadiliki kwa kurukaruka. Ukinyoosha mara 2.0 tu ili kuokoa uzi, yule wa sm 70 anaupata ukiwa mara 1.17, umelegea karibu kabisa. Mtengenezaji wa namna hiyo huandika "70–110" kwenye mfuko wakati anauza 85–110.

Kupanda hadi mara 4 nako kuna bei yake. Spandeksi yenyewe haikatiki hapo, ila gundi huanza kushindwa kuishikilia, na kitambaa hukusanyika mikunjo minene inayokwaruza. Pia usitegemee hesabu ya karatasi kwamba sm 120 gawanya kwa 3 ni sm 40: ugumu wa kitambaa na gundi huzuia mkusanyiko, na pampasi iliyolala mezani itasimama kwenye sm 50 au zaidi. Kitambaa cha gramu 15 kwa mita ya mraba hukusanyika vizuri kuliko cha gramu 25. Wanaonunua kizito kwa kudhani ni "imara" wanalipia zaidi ili lastiki ifanye kazi kidogo.

Karatasi ya muuzaji wa uzi kwa kawaida inaonyesha nguvu ya kuvuta. Mvaaji hayuko kwenye nguvu ya kuvuta. Yeye hupandisha pampasi, inafunguka hadi sm 115 kwenye nyonga, kisha inarudi na kutulia kwenye sm 90. Nguvu ya kurudi ni ndogo kuliko ya kwenda kwenye urefu uleule, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea kama joto ndani ya uzi. Ukibuni kwa namba ya kwenda utajikuta na pampasi inayobana dukani na kuteleza nyumbani.

Kupima nguvu ya kurudi hakuhitaji mashine ya maabara. Tafuta vipande viwili vya bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 33. Kimoja kifunge kwenye ubao wa meza, kingine kiwe huru, kimeunganishwa na mzani wa kidijitali wa kuning'iniza mizigo. Visha kiuno cha pampasi kwenye mabomba yote mawili. Mzunguko ni umbali wa katikati hadi katikati mara mbili, jumlisha sm 10.4 ambazo ni mzingo wa bomba. Kwa hiyo sm 115 ni umbali wa sm 52.3, na sm 90 ni sm 39.8, weka alama mbili ubaoni. Vuta hadi alama ya mbali, shikilia sekunde 10, rudi alama ya karibu, subiri sekunde 30, soma. Rudia mara tatu, uchukue ya tatu, maana mzunguko wa kwanza huwa na nguvu ya bandia ya kitambaa kipya na gundi inayojivunja.

Kumbuka kwamba mzani unasoma pande mbili za ukanda. Mvutano wa nyutoni 2.75 utaonekana kama gramu 560. Watu wenye ujuzi mzuri tu wamewahi kukataa kiuno kizuri, au kukubali kibovu, kwa kusahau kugawanya kwa mbili.

Namba hiyo ya gramu 560 ndiyo inayotakiwa iwe imebaki asubuhi. Spandeksi iliyoshikiliwa kwenye joto la mwili hulegea polepole, kwa hiyo kiuno kinapaswa kuanza usiku kikiwa na akiba. Tengeneza sanduku la mbao lenye balbu ya zamani inayotoa joto na kipimajoto, lishike nyuzi joto 37 au 38, kisha uiache pampasi humo kwa muda wa saa nane ikiwa imevutwa kwa alama ya sm 90. Tofauti ya mzani kabla na baada ndiyo akiba unayotakiwa kuongeza. Haifanani kwa kila uzi wala kila gundi, na muuzaji akibadilisha shehena, pima upya bila aibu.

Ukiona imepotea nguvu nyingi kupita kiasi, usikimbilie kulaumu uzi. Mara nyingi uzi uko salama, umetambaa tu ndani ya gundi. Jaribio la kutofautisha ni jepesi: tandaza kipande cha ukanda kwenye ubao hadi kinyooke kabisa, weka alama mbili zenye umbali wa milimita 300, kata nyuzi kwenye alama hizo, kiache nyuzi joto 38 kwa saa nne, halafu pima ncha za uzi zimerudi ndani kiasi gani. Zikibaki milimita 240, kutambaa ni asilimia 20, na hapo uko ukingoni. Zikibaki 200, gundi yako haifanyi kazi. Bila jaribio hilo, dalili ya macho ipo: inua pampasi kwenye mwanga. Kama sm 3 za kila ubavu hazina mikunjo na katikati kumerundikana, ncha za uzi zimechomoka. Tiba ni kuongeza gundi kwenye sm 2 hadi 3 za mwisho tu, pale uzi unapokatwa. Kwenye sehemu ya kati, miligramu 30 hadi 50 za gundi kwa kila mita ya uzi zinatosha. Zaidi ya hapo ukanda unakuwa mgumu, na gundi hupenya kitambaa chembamba na kukinatisha kwenye roli.

Gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kwenye tangi na kutoka kwa tundu dogo la nozeli, haina adabu kwa hali ya hewa, na Arusha na Moshi zinaidhihirisha tabia hiyo vizuri ingawa ni mwendo mfupi kwa basi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Godauni la mabati pale mtaa wa Unga Limited, saa moja asubuhi mwezi wa Julai, lina roli za kitambaa zilizolala kwenye baridi usiku kucha. Gundi inayotoka kwenye nozeli ikiwa nyuzi joto 150 inagusa kitambaa baridi na kuganda kabla haijaukumbatia uzi. Ukiitazama inaonekana imeshika, lakini uzi unateleza ndani yake kama ulivyo. Roli za siku hiyo ziingizwe chumba chenye joto tangu jana yake, na bidhaa za dakika za kwanza zipimwe peke yake, zisichanganywe na nyingine. Moshi, iliyo chini zaidi, Februari huleta tatizo la upande wa pili: gundi inachelewa kuganda, na uzi uliovutwa mara tatu unapata muda wa kujivuta kurudi. Hapo shusha joto la tangi kwa nyuzi 5 hadi 10, au ongeza muda wa roli za kukandamiza, kabla ya kufikiria kubadilisha gundi. Na stoo ya chini ya bati bila dari, mchana wa Moshi, inaendeleza lile jaribio la saa nne kila siku bila kuombwa. Katoni za juu kabisa ndizo hurudishwa na wateja.

Umeme ukikatika, tangi la gundi hupoa na kupashwa upya, na kila mara kiasi fulani huungua na kuwa chembe nyeusi zinazoziba nozeli. Nozeli moja iliyoziba ni uzi mmoja usio na gundi katika bidhaa mia kadhaa, na jicho halioni. Chujio likaguliwe kila baada ya umeme kurudi. Mita za kitambaa zilizokuwa kwenye mashine wakati wa kusimama zitupwe zote, kwa sababu uzi wake ulikaa umevutwa huku gundi ikiwa haijulikani imeganda lini.

Kwa watoto hesabu ni ileile, ila mwili na matumizi vinabadilika. Kiuno cha sm 45, pampasi iliyolowa ya gramu 300: mvutano wa nyutoni 1.2 unatosha, na ukitandazwa kwenye sm 3 unaleta milimita 4 hivi za zebaki. Lakini pampasi ya kubandika hubanwa na mkono wa mama. Lastiki ya nyuma na masikio yanayonyumbuka, yaani vipande vya ubavuni vya kubandikia, havipangi mvutano. Kazi yake ni kufuata tumbo linapojaa na kupungua baada ya kufungwa. Masikio yasiyonyumbuka humlazimisha mama achague kati ya kubana sasa na kuvuja baadaye, na aliyewahi kuvujiwa kanisani atachagua kubana.

Jambo ambalo vipimo vya kutoka nje huliruka ni mbeleko. Mtoto akiwa mgongoni, mapaja yamefunguka na kupanda, mgongo wake umepinda, tumbo limekandamizwa na mgongo wa mama, na kanga inasukuma makalio kwenda juu. Umbali kutoka msamba hadi kiuno cha nyuma unakuwa mrefu zaidi kuliko mtoto akiwa amesimama, kwa hiyo kiuno cha nyuma kinavutwa chini na kufunguka. Kila pampasi inayofanya vizuri kwa mwanasesere aliyesimama inaweza kushindwa hapa. Jaribu kwa mwanasesere wa nguo aliyejazwa mchanga, aliyekunjwa nyonga na kufungwa kwa kanga mgongoni mwa mtu anayetembea. Maji ya jaribio yawe na gramu 9 za chumvi kwa lita, kwa sababu unga wa jeli hunywa maji matupu kwa wingi usiolingana kabisa na mkojo na utakudanganya. Marekebisho yanayosaidia ni kurefusha sehemu ya nyuma kuliko ya mbele, na kuifanya lastiki ya nyuma iwe laini yenye safari ndefu. Kuiongezea nguvu hakusaidii, maana inayovuta hapo ni mgongo uliopinda.

Nyuzi za kiuno zisipite juu ya godoro la kunyonya zikiwa hai. Kwenye suruali za watu wazima nyuzi za chini za ukanda huvuka eneo hilo, na zikiachwa zivute, godoro hukunjika na kutengeneza mfereji unaoelekeza mkojo moja kwa moja kiunoni. Nyuzi hizo hukatwakatwa na roli ya meno baada ya kubandikwa, au haziwekewi gundi pale katikati ili zirudi pembeni zenyewe.

Mshono wa ubavuni uwe wa kuvunjika kwa mkono. Anayemhudumia mgonjwa kitandani haivui pampasi kwa kuishusha miguuni. Anaipasua pande zote mbili. Mshono wa joto wenye vidoti ukiwa umechomwa sana hauachii, unapasua kitambaa pembeni yake na kumwaga. Ukichomwa kidogo unafunguka mvaaji anapochuchumaa. Pima kwa kuivuta kiuno hadi mwisho wa kitambaa mara tano: mshono ubaki. Kisha pasua kwa vidole viwili kuanzia juu: ukubali.

Mwisho ni saizi. Madukani, kuanzia Kilombero ya Arusha hadi Pasua ya Moshi, pampasi huuzwa moja moja kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, na mnunuzi haoni kamwe kile kipimo kilichoandikwa nje ya mfuko. Chapa kipimo kwenye kila pampasi, upande wa nyuma, chini ya ukanda ambako hakuna mikunjo ya kumeza maandishi, na kiwe sentimita za kiuno mtu akiwa amekaa, maana akikaa tumbo huongezeka. Herufi M peke yake haimwambii kitu binti aliyetumwa dukani kumnunulia bibi.